UZI: Mvua, ukungu, matope na milima. Madereva tupeane uzoefu kabla masika hayajakolea

#1 Mkongwe wa TANZAM

Wakuu, salaam.

Masika yanaingia na Pasaka iko karibu. Mpwa wangu amenunua gari lake la kwanza, Toyota ndogo, na anataka kwenda nalo Mbeya na mkewe na mtoto wa miaka 2. Hajawahi kuvuka Chalinze akiwa yeye ndiye kashika usukani. Juzi nilikaa naye kibarazani mpaka saa tano usiku nikimweleza njia, na alipoondoka nikaona bado nina mengi moyoni. Nimeamua niyaweke hapa, wenye uzoefu mwongeze.

Nilikuwa utingo miaka 3, kisha dereva wa semi miaka 19, njia ya Dar, Tunduma, mpaka Ndola na Lubumbashi. Niliacha kwa sababu ya mgongo.

Jambo kubwa kuliko yote nililipata kwa mzee aliyenifundisha kazi. Tulikuwa tunarudi Dar na shaba, mwezi wa tatu, manyunyu hayakatiki, tumeshapita Ilula. Kabla ya kuanza kushuka mlima Kitonga akaweka gari pembeni, akaniambia shuka. Tukazunguka gari lote, tairi kwa tairi. Alikuwa anasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, kama mama anayepima joto la sufuria. Tairi moja la nyuma la tela lilikuwa linatoa joto kuliko mengine, na ukisogeza pua unasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Breki ilikuwa inakamata. Nikataka kuchota maji nimwagie, akanishika mkono: chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinapasuka. Tukakaa zaidi ya saa nzima mpaka kikapoa, akairekebisha breki, ndipo tukapanda garini. Gia nzito aliiweka tukiwa bado tuko tambarare. Akaniambia: "Mlima unashukwa ukiwa bado uko juu. Ukishaanza kuteremka, unatii tu ulichoamua kule."

Maneno hayo ndiyo uzi wangu mzima. Ukiangalia ajali nyingi za mvua na milima, kosa halikufanyika pale gari lilipoanguka. Lilifanyika kilomita 2 nyuma, au jana yake gereji, au asubuhi pale mtu alipochelewa kuondoka akaanza kuufukuzia muda.

Nianze na milima yenyewe. Kitonga, Sekenke kule kati ya Shelui na Singida, mteremko wa Iwambi pale Mbeya, yote ina sheria moja: shuka na gia ambayo ungepandia. Injini ndiyo ilishike gari, breki isaidie tu. Gari la otomatiki nalo lina gia za kushukia, angalia herufi zako: 2, L, S au B kutegemea gari. Ukiiacha kwenye D na kuukanyaga mguu wa breki mteremko mzima, breki zinachemka, na breki iliyochemka unaikanyaga inazama bila kushika. Kwenye lori la breki za upepo ni mbaya zaidi, kwa sababu kila ukipampu unatumia upepo, na geji inashuka huku mlima bado mrefu. Breki inapigwa kwa nguvu kiasi, mwendo ukipungua unaachia kabisa ipumue, kisha unarudia.

Kuna mchezo wa kuweka nyutro ili kuokoa mafuta. Wengine wanazima kabisa injini. Ndugu zangu, hizo lita 2 unazookoa hazilipi hata sanda. Ukizima injini kwenye gari dogo, baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu mguu unakuwa mgumu kama unakanyaga jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Tumezika wenzetu kwa mchezo huo.

Mvua kwenye lami. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopa kuliko ile kubwa ya mwezi wa nne. Lami imekaa miezi inakunywa oili, vumbi na ungaunga wa matairi. Yakidondoka manyunyu kidogo, vyote hivyo vinapanda juu na barabara inakuwa kama imepakwa mlenda. Ikinyesha kwa nguvu, baada ya muda inajisafisha. Kwa hiyo ukiona matone ya kwanza kwenye kioo, ondoa mguu kwenye mafuta wakati huohuo, usisubiri iwe mvua kamili.

Kingine ambacho wenye magari madogo hawakijui: barabara ya TANZAM, hii ya Dar mpaka Zambia, ina mabonde mawili marefu yaliyochimbwa na matairi ya malori. Mvua ikinyesha yanajaa maji kama mifereji. Ukipita na mwendo mkali tairi linapanda juu ya maji, halishiki tena lami. Utajua kwa usukani: unakuwa mwepesi ghafla, kama haujaunganishwa na kitu. Hapo usikanyage breki na usikate kona. Achia mafuta, shika usukani umenyooka, subiri gari lirudi chini lenyewe. Kwenye mabonde hayo mimi huwa nasogea kidogo ili matairi yapite kwenye matuta ya lami, sio ndani ya maji.

Umbali kati yako na aliye mbele, tumia nguzo. Gari la mbele likipita nguzo, anza kuhesabu: elfu moja na moja, elfu moja na mbili. Kama lami ni kavu ukafika kwenye nguzo kabla ya kumaliza mbili, uko karibu mno. Lami ikilowa, hesabu mpaka nne. Mwendo wa 80 gari linakula mita 22 kila sekunde, karibu mabasi mawili yaliyopangwa kwa urefu, na hapo mguu wako bado haujaifikia breki.

Mwisho kwa leo, maji yanayokatisha barabara. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu niliwahi kulikosea mimi mwenyewe, nikiwa dereva mzoefu. Mwaka 2016 nilikuwa na Noah, mke wangu na watoto 3, tunatoka Dodoma kwenda kwa wakwe. Kulikuwa na korongo ambalo mwaka mzima ni mchanga mtupu. Tulifika jua linawaka, maji yanapita membamba, na pikapu ilikuwa imetoka kuvuka mbele ya macho yangu. Nilishuka kukojoa, nikarudi, nikawasha, nikaingia. Dakika 5 tu. Katikati injini ikazima. Maji yalikuwa yanapanda nikiyaona kwenye mlango, ya rangi ya chai ya maziwa, yana vijiti na povu. Mvua ilikuwa imenyesha milimani ambako sisi tulikuwa hatukuoni. Vijana wa kijijini walitutoa kwa kamba, mtoto mmoja mmoja kupitia dirishani, na gari lilivutwa na trekta kesho yake. Mwanangu wa pili mpaka leo akisikia maji ya mto anaushika mkono wa mama yake.

Maji ya sentimita 30 tu yanatosha kunyanyua magari mengi madogo. Sentimita 60 zinabeba hata pikapu na hayo magari marefu mnayoyaamini. Kuvuka kwa mwenzako hakukupi ruhusa wewe, kwa sababu maji aliyovuka yeye yameshapita.

Nawasilisha. Karibuni mchangie.

#2 Basi la Saa Kumi na Mbili

Mkuu, shikamoo. Uzi huu ungebandikwa stendi zote.

Mimi ni suka, yaani dereva, wa basi, mwaka wa 11 sasa. Naongezea kwenye maji. Watu wanafikiri hatari ni kusombwa tu. Kuna usiku nilifika kwenye daraja dogo, maji yamepanda juu ya lami kama kiwango cha kifundo cha mguu. Mstari mweupe wa katikati unaonekana kabisa chini ya maji kwa mwanga wa taa. Nikasimamisha basi. Abiria wakaanza: "Dereva kanyaga twende, maji yenyewe haya!" Wengine matusi ya nguoni. Kuna mzee alinyanyuka kutoka siti za nyuma akaja mpaka mlangoni kuniambia mimi muoga. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge ndiye aliyenitetea, akawaambia mwacheni baba, huyo ndiye anayeshika roho zetu.

Tukalala pale. Kulipokucha maji yakashuka, na wote tukanyamaza. Lami ilikuwa imebaki juu kama ulimi, chini yake udongo wote umekwenda. Ungeweza kuchungulia ukaona upande wa pili. Basi langu na abiria linapita tani 15. Ule mstari mweupe ulikuwa umechorwa juu ya shimo.

Yule mzee alikuja kunishika mkono, hakusema kitu.

#3 Binti Njombe

Shikamooni kaka zangu. Nimesoma mpaka mwisho. Naomba msaada kwenye ukungu, maana mimi naishi Njombe na kila wiki ya pili natoka kwenda Iringa saa kumi na moja alfajiri. Kuna siku hapa kwetu mpaka Makambako huoni hata pua ya gari lako. Mimi huwa nawasha taa za fulu na hazadi, natembea 40. Nyuma wananipigia honi. Nafanya sawa au nakosea?

#4 Mkongwe wa TANZAM

@Basi la Saa Kumi na Mbili, marahaba mdogo wangu. Umefanya kazi ya kiume. Hiyo picha ya ulimi wa lami kila dereva aibebe kichwani. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar na Lindi ilikatika pale Somanga, na upande huu na ule magari yalilala foleni. Kulala njiani kunauma, lakini kesho yake unaamka.

@Binti Njombe, marahaba dada. Mwendo wako uko sawa, taa ndizo zirekebishe. Fulu kwenye ukungu inagonga ukungu na kukurudia machoni, unakuwa kama mtu aliyewekewa shuka jeupe usoni. Weka dimu, na kama gari lako lina taa za ukungu kule chini kwenye bampa, washa. Hazadi zima kama gari linatembea. Aliye nyuma akiona hazadi anajua umesimama, au anashindwa kujua unapokata kona, kwa kuwa indiketa yako imemezwa humo.

Macho yako yafuate mstari mweupe wa kushoto, sio taa nyekundu za gari la mbele. Anayefuata taa za mwenzake akitumbukia yule, naye anatumbukia. Fungua dirisha kidogo hata kama baridi ya Njombe inauma, maana kwenye ukungu sikio linawahi kuliko jicho. Mara nyingi nimelisikia lori kabla sijaliona.

Na wale wanaokupigia honi, tafuta sehemu pana uwapishe. Usiongeze mwendo kwa ajili ya honi ya mtu ambaye hatakuja msibani.

Ukungu ukiwa mzito kabisa usisimame kandokando ya lami. Toka kabisa, ingia kituo cha mafuta au kijijini, agiza chai. Njia ya Songea pale Lukumburu nimewahi kusubiri mpaka saa tatu asubuhi. Nilichelewa kupakia na bosi alifoka kwenye simu. Nilimwacha afoke.

Kioo kikiota ukungu kwa ndani, usikifute kwa mkono, unaacha mafuta ya kiganja na taa za mbele yako zinatawanyika. Washa kiyoyozi, elekeza upepo kwenye kioo, na uzime kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Weka joto kama baridi ni kali.

#5 Fundi wa Tabata

Naomba niseme kwa upande wa gereji, kwa sababu mkuu kagusa kuwa kosa linafanyika jana yake.

Mteja anakuja ana safari ya Kilimanjaro au Mwanza kesho. Anataka kuoshewa injini, kubadilishiwa oili na kuwekewa redio. Ukimwambia matairi yamekwisha kashata (ile michoro ya mpira) anasema "nitabadilisha nikirudi". Kashata ndiyo inayoyatoa maji chini ya tairi. Tairi kipara kwenye lami kavu linashika vizuri tu, ndiyo maana linakudanganya miezi yote ya kiangazi. Siku ya mvua halina pa kuyapitishia maji. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Kashata ikishuka ikalingana na vituta hivyo, imebaki milimita 1.6, tairi limekufa. Kwa safari ya masika mimi nasema badilisha kabla hujafika hapo.

La pili, matairi ya mtumba. Yanang'aa, kashata imejaa, bei nzuri. Soma ubavuni kwenye maandishi ya DOT, mwishoni kuna namba 4. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi lenye umri huo mpira umekauka kama kandambili iliyosahaulika juani, haliwezi kushika lami iliyolowa. Hata kama kashata imejaa, liache.

Waipa. Watu wanafunga safari ya kilomita 800 na waipa zinazolia kwii kwii na kuacha michirizi. Ni mpira wa bei ndogo sana ukilinganisha na gari. Na upepo wa matairi pima asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Usikubali kijana wa pancha akujazie tu kwa kukadiria.

Kwa wa malori: slaki adjasta za mkono (vile virekebishi vya breki) zibaneni kabla ya safari, na muwe na desturi ya kuzirudia njiani. Nimeletewa tela ambalo breki 2 kati ya 6 hazikuwa zinafanya kazi kabisa, na dereva alikuwa ametoka nalo Tunduma.

#6 Mpita Njia

Nyote mmeongea vizuri lakini mnasahau kitu kimoja. Ajali haina kinga. Nimeona watu wanaendesha kwa adabu zote wanakufa, na walevi wanafika. Siku yako ikifika imefika, hata ukiwa kitandani. Mengine haya ni kutishana.

#7 Mkongwe wa TANZAM

@Mpita Njia, ndugu yangu, sikudharau. Mimi pia ni mtu wa imani na siku yangu iko mikononi mwa Mungu. Ila nimekaa kwenye misiba ya wenzangu 7 wa barabarani, na kwa watano kati yao tulijua wote pale matangani ni nini kilichotokea, ingawa hakuna aliyekisema mbele ya mjane. Mmoja alikuwa hajalala siku 2. Mmoja aliambiwa na tajiri yake breki atengeneze akifika. Wawili waliteremka na nyutro. Mmoja aliyapita malori matatu kwa mkupuo kwenye mvua, na upande wa pili kulikuwa na basi.

Siwezi kusema kwa mjane yule kwamba haikuwa na kinga. Walezi wetu walituachia pia "tahadhari kabla ya athari", na waliyasema maneno yote mawili kwa watu walewale.

#8 Nakuru Yetu

Hamjambo ndugu zetu. Nawasoma kutoka Kenya. Mambo ni yaleyale, majina ya milima tu ndiyo tofauti. Hapa Salgaa tulizika watu kwa miaka mingi kwa ajili ya hiyo nyutro. Malori yakitoka Mau Summit na mzigo yakishuka, dereva anatoa gia ili aokoe mafuta auze kando. Ikabidi barabara igawanywe katikati ndipo nafuu ikapatikana.

Na kuhusu maji, sisi hatutasahau mto Enziu, Mwingi, tarehe 4 Desemba 2021. Basi la shule lilikuwa limebeba wanakwaya wanaenda harusini. Maji yalikuwa yamefunika daraja, watu wamesimama kando wanatazama, na basi likaingia. Zaidi ya watu 30 walipotea pale. Wale waliokuwa kando ya mto waliona basi likiinama upande mmoja polepole. Mimi tangu siku hiyo nikiwa abiria na nione dereva anataka kuingia kwenye maji, nashuka. Nauli abaki nayo.

Swali kwa mkongwe: gari likishaingia majini na kuzima, unafanya nini?

#9 Mkongwe wa TANZAM

@Nakuru Yetu, poleni sana kwa ya Enziu. Na hiyo ya abiria kushuka ni haki yako kabisa, kila abiria aijue. Roho ni yako, tiketi sio mkataba wa kufa.

Jibu lako. Usijaribu kuwasha tena, maji yakiingia kwenye injini unaiua na unapoteza muda. Fungua mkanda wako, kisha shusha kioo cha dirisha palepale, maana vioo vya umeme vinaweza kugoma muda wowote maji yakishafika kwenye nyaya. Mlango usihangaike nao, maji yanausukuma kutoka nje na huwezi kushindana nayo. Watoto kwanza, kupitia dirisha la upande ambao maji hayagongi, wewe mwisho. Kama kioo kimegoma, chomoa kile kiegemeo cha kichwa kwenye siti, vyuma vyake viwili piga navyo kioo cha ubavuni kwenye kona. Cha mbele usikiguse, kimetengenezwa kisipasuke kirahisi.

Mkiwa nje na maji yanapanda, kaeni juu ya paa mpaka msaada ufike. Usiingie majini kutafuta viatu wala simu. Pale Dodoma mke wangu alitaka kurudi kuchukua mkoba wenye vyeti vya watoto, na kijana aliyekuwa ameshika kamba akamfokea kama anamfokea mdogo wake. Mpaka leo tunamwombea heri kijana yule.

#10 Boda wa Mlimba

Wakuu na sisi wa njia za vumbi mtukumbuke. Huku Kilombero lami ikiisha ni udongo mweusi, ukilowa unanata kwenye tairi mpaka gari linakuwa limevaa viatu. Ukifika penye tope shuka uangalie kwa miguu kwanza. Chukua fimbo, choma. Ukizama mpaka gotini, usijaribu. Kama panapitika, chagua gia moja, mwendo mmoja, usisimame katikati wala usikanyage mafuta ghafla, maana tairi likishazunguka bure linajichimbia kaburi. Ukikwama, punguza upepo kwenye matairi yanayovuta, weka matawi chini. Ila hakikisha una pampu ya kujaza tena ukishatoka.

#11 Basi la Saa Kumi na Mbili

Boda kanikumbusha matawi. Madereva wageni mlijue hili: ukikuta matawi mabichi yamelazwa juu ya lami kwa mpangilio, mbele kuna gari limeharibika, mara nyingi baada ya kona. Punguza mwendo pale kwenye tawi la kwanza. Usiku wa mvua utalikuta lori limezima bila taa hata moja, na tela lenye tope halirudishi mwanga. Tangu mabasi turuhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, hilo ndilo linalonitisha kuliko ukungu.

Na mnaoharibikiwa, nawaomba sana, tumieni pembetatu za kuakisi, mbili ni sheria, na mkiondoka ondoeni matawi na mawe yenu. Kuna mtu anaondoka na lori lake lililopona anaacha jiwe la ukubwa wa kichwa katikati ya lami. Jiwe hilo linamsubiri mwenye pikipiki.

Indiketa za malori nazo. Lori la mbele likikuwashia ya kulia linakwambia usipite, likiwasha ya kushoto linakuruhusu. Ni msaada, lakini usipite kwa macho ya mwenzako, hasa kwenye mvua. Anaweza kuwa anakata kona kweli.

#12 Mbongo wa Ohio

Salamu kutoka huku baridini. Naendesha malori Marekani, na mlichosema ndicho tunachofundishwa hata kwa theluji. Huku adui ni barafu nyeusi, kioo chembamba cha barafu ambacho unaona kama lami imelowa tu. Madaraja ndiyo yanaganda kwanza, kwa sababu upepo wa baridi unapita juu na chini. Dalili moja niliyofundishwa na mzee Msomali: kama magari mbele yako yanatembea kwenye lami iliyolowa lakini matairi hayarushi maji, hayo sio maji. Achia mafuta, usiguse breki. Na huku wakifunga barabara, hakuna anayebishana, wote tunalala kwenye maegesho.

#13 Binti Njombe

Kaka Mkongwe, nimekuja na mrejesho. Leo nimeamka saa kumi na moja, nikachungulia nje, geti silioni. Nikarudi jikoni nikachemsha maji. Nimetoka saa mbili na nusu, dimu na taa za ukungu, hazadi nimezima. Makambako nimekuta lori mbili zimegongana alfajiri hiyo, utingo mmoja ameumia mguu, dereva wote wazima. Nimefika Iringa nimechelewa. Kikao kilianza bila mimi na hakuna kilichoharibika.

#14 Mkongwe wa TANZAM

Pole kwa uliyoyaona dada, na Mungu amponye huyo kijana.

Nami nina mrejesho. Mpwa wangu alikwenda na sasa anarudi. Amenipigia dakika hizi yuko Ilula, mvua inanyesha, ameweka gari pembeni karibu na wauza nyanya. Anasema ameyazunguka matairi yote manne, la mbele kushoto lina joto kidogo, hakuna harufu, na atasubiri nusu saa. Mtoto amelala. Ameniuliza Kitonga aanze na 2 au L. Nimemwambia aanze na 2 kabla mteremko haujaanza, na kama injini inalia lakini gari bado linajivuta mbele kuliko anavyotaka, apunguze kwa breki kwanza ndipo aingize L. Atanipigia akifika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Simu ninayo mkononi.